Meno ya Kuchekea

Mimi nacheka kwa mkono. Wengine wanacheka kwa mdomo, lakini mimi mkono wa kulia unapanda kwanza, unafunga mdomo kama mtu anayefunga mlango mbuzi asiingie, ndipo kicheko kinapata ruhusa ya kutoka. Nimefanya hivyo miaka mingi mpaka mkono hauniulizi tena. Hata nikiwa peke yangu shambani, nikikumbuka jambo la kuchekesha, jembe linaanguka na mkono uko juu tayari, unanificha mahindi yasinione.

Na mimi ni mtu wa utani, hiyo ndiyo taabu. Ningekuwa mtu wa kununa ningenyamaza tu na hakuna ambaye angejua. Lakini Mungu alinipa ulimi usiotulia, halafu akaruhusu watu wabomoe ukuta wa mbele wa nyumba yake.

Kwetu Wasamia, upande huu wa Uganda na ng'ambo upande wa Kenya vilevile, mtoto akifika umri alikuwa anang'olewa meno sita ya chini, yale ya mbele. Wazee wetu wote hawana. Mtu mwenye meno yote walimwona kama punda, na msichana mwenye meno yote, nani angemwoa, punda mwenzake? Sasa mimi nilizaliwa mwishoni mwishoni mwa jambo hilo. Mwaka mmoja baada yangu baba yangu mdogo, ambaye alikuwa amebatizwa, alisimama mlangoni kwake akasema watoto wake hawaguswi. Jirani akaona, naye akakataa. Kuanzia hapo hakuna mtoto pale kijijini aliyeguswa tena. Kwa hiyo binamu yangu, niliyempita miezi michache tu, yeye anatafuna muwa mpaka leo. Mimi ndiye mkia wa desturi. Ng'ombe mzima alishapita, mkia ukabanwa na mlango.

Ilikuwa asubuhi, nyuma ya zizi. Mzee alikuja na chuma chake bapa amekifunga kwa jani la mgomba. Mama akakaa chini, akaweka kichwa changu katikati ya magoti yake, akanishika kwa mikono miwili, hapa kwenye masikio. Niliambiwa nisilie. Sikulia. Nilitaka kumuuma yule mzee, lakini kila nilipojaribu nilikuta meno ya kuumia yamepungua. Magoti ya mama yalikuwa yanatetemeka. Mimi nilidhani ni kichwa changu kinachotetemeka, nikakionea aibu.

Baadaye walinipa maji ya chumvi, walinipa maziwa, wasichana wakubwa wakaniimbia. Siku tatu nilikuwa mtu mkubwa. Siku ya nne nikaenda shule.

Mwalimu wetu alikuwa kijana wa ng'ambo ya Kenya, mwenye meno mengi kama punje za hindi. Alinisimamisha mbele. Akawaambia wenzangu watazame vizuri, kwamba huu ndio mlango ambao wazazi wasiojua Mungu wanamfungulia shetani, na kwamba mtoto wa shule ya kanisa amekubali kukatwa kama mbuzi. Hakunipiga. Ningependa angenipiga, maana kiboko kinaisha jioni.

Siku ile mchungaji wetu alikuwa amekuja kukagua shule. Alikuwa amekaa dirishani, mzee mwenye masharubu makubwa yaliyoanguka mpaka kwenye kidevu. Nilimwangalia yeye. Nilijua mchungaji akisema neno moja mwalimu atanyamaza. Mchungaji akaangalia kofia yake. Aliishika kwenye magoti, akaizungusha, akaiangalia kama mtu anayesoma barua. Mimi nilimaliza darasa la nne, nikasahau hesabu za mafungu na mito ya Afrika, lakini ile kofia sikuisahau.

*

Baada ya darasa la nne shangazi aliniita Tororo. Alikuwa na kibanda cha chai karibu na stesheni, nami nikawa wa kukaanga maandazi na kuosha vikombe. Ulikuwa mwaka ule posta waliondoa picha ya Mfalme ukutani, wakaweka ya Malkia. Nakumbuka kwa sababu Malkia alikuwa anatabasamu kidogo tu, mdomo umefungwa, nami nikasimama pale na barua ya shangazi mkononi nikijiuliza kama naye wamemfanyia.

Tororo hakuna anayekujua, na kila mtu anakusema. Wateja wetu walikuwa makuli wa reli na vijana wa kiwanda cha saruji, ambao walikuja weupe kwa vumbi mpaka kwenye kope. Kuli mmoja alichungulia mdomo wangu siku ya kwanza, akaniuliza, "Dada, hapa ndipo treni inapita?" Nikamjibu kwamba inapita, lakini ni ya mizigo, kwa hiyo yeye atapanda vizuri tu. Kibanda kizima kilicheka. Mimi pia nilicheka, mkono juu. Shangazi alisema nitamaliza watu kwa huo ulimi. Halafu nikaenda nyuma kuosha vikombe, na huko nilikuwa naosha kwa maji mawili, ya mtungi na ya macho.

Hivyo ndivyo nilivyoishi. Niliwapiga kabla hawajanipiga. Mwenye kitambi, mwenye kengeza, mwenye miguu ya kibirika, hakuna niliyemwacha. Mtu akishughulika na kitambi chake hana nafasi ya kuangalia mdomo wako.

Niliingia darasa la kuandaliwa kuwekwa mikono na askofu, na nitasema ukweli, niliingia kwa sababu lilikuwa Jumamosi mchana, wakati wa vikombe vingi, na shangazi hawezi kumkatalia Mungu. Lakini kule nikasikia kwamba anayeomba atapewa. Mimi nilikaa wima. Hakuna aliyekuwa ameniambia mapema.

Nikaomba meno. Sikuomba mume, sikuomba nguo, niliomba meno sita. Kila asubuhi kabla ya kufungua macho nilipeleka ulimi pale, kama mtu anayekagua mtego wa panya. Hakuna kitu. Miezi ikapita. Mwisho nilimwambia Mungu wazi kwamba ameotesha mtama kwenye mawe ya mlima Osukuru, ambako hata mbuzi anateleza, na sasa meno sita tu yanamshinda? Hakujibu. Nikaona nimemkosea adabu, nikaomba msamaha, halafu nikaomba meno tena.

Nyuma ya soko alikuwepo fundi wa vitana, mzee Mwislamu aliyechonga vitana, mipini ya visu na vichwa vya fimbo kwa pembe na mifupa ya ng'ombe. Alikuja kwetu kila asubuhi kwa andazi moja na chai ya rangi. Yeye peke yake alikuwa haangalii mkono wangu ukipanda. Siku moja, watu wakiwa wamekwisha ondoka, aliniambia nifungue. Nilifungua, sijui kwa nini. Alitazama kama fundi anavyotazama kiti kilichovunjika, bila kucheka, bila huruma. Akasema inawezekana.

Alichonga wiki mbili. Meno sita ya mfupa wa ng'ombe, yameshikana safu moja, meupe. Akayafunga kwa waya mwembamba wa shaba kwenye magego yangu ya huku na huku. Malipo yake yalikuwa maandazi.

"Hii si ya kula, binti," aliniambia. "Si ya chai, wala hata ya maji. Hii ya kuchekea tu. Na ukicheka, cheka pole pole."

Alinipa kioo. Nikajiona mzuri mpaka nikaogopa. Jioni ile nilimshukuru Mungu kwa muda mrefu. Nilisema sasa naelewa, ulikuwa unatafuta fundi. Na kama fundi mwenyewe anasali Ijumaa, Mungu akitaka kujibu haulizi mjumbe anasali wapi.

*

Askofu alikuwa anakuja kanisa letu la nyumbani, huko nje ya Busia, na mtu aliyebatizwa kule alitakiwa awekwe mikono kulekule. Nikapanda lori la pamba, nimejifunga kitambaa mdomoni kwa ajili ya vumbi, nikafika siku tatu kabla yake.

Lazima niseme jinsi mama yangu alivyokuwa anacheka. Alikuwa anarudisha kichwa nyuma, mdomo wote wazi, pengo lote nje, ulimi unaonekana unacheza mle ndani, na sauti inafika kisimani. Hakuwahi kufunika mdomo hata siku moja. Wala hakuwa na sababu. Wanawake wote wa umri wake walikuwa hivyo, na wao kwa wao pengo lilikuwa ni uzuri.

Basi aliniona ninashuka njiani, akatoka mbio, anacheka vile vile. Nami nikaondoa kitambaa nikatabasamu, ili aone.

Mama akanyamaza. Aliangalia mdomo wangu kama unavyoangalia mgeni aliyeingia nyumbani bila hodi. Halafu akanisalimia vizuri, mulembe, akauliza njia ilikuwaje, akauliza shangazi hajambo. Akaniletea uji wa wimbi. Nikasema nimeshiba. Asubuhi akaniletea tena, nikasema nafunga kwa ajili ya askofu. Mama ananijua, mimi sijawahi kufunga kitu chochote isipokuwa mdomo. Alichukua kibuyu akarudi nacho jikoni.

Jioni ile jirani alikuja kusimulia habari za mbwa wake aliyeiba kuku wa chifu. Nikaongeza chumvi kidogo, nikasema mbwa huyo apelekwe mahakamani na wakili. Mama akacheka. Na mkono wake ukapanda.

Niliuona ukipanda. Ulitoka kwenye goti, ukapita kifuani, ukafunika mdomo wote, vidole vimeshikana. Niliujua ule mkono. Ulikuwa wangu. Niliukariri miaka yote ile, nisingeusahau kwa mtu mwingine. Nami ningeweza kusema neno, ningeweza hata kuyavua yale meno pale pale na kuyaweka kwenye ungo tuyacheke wote. Sikusema. Niliangalia chini. Kama ningekuwa na kofia ningeizungusha.

Siku yenyewe tulivaa nguo nyeupe na vitambaa vyeupe kichwani. Mama hakuingia ndani. Alikuwa hajabatizwa, na maneno ya yule mwalimu yalikuwa yamefika kwa akina mama wote zamani, kwamba midomo yao ni mlango wa shetani. Kwa hiyo yeye na wengine walikaa nje, kwenye kivuli cha ukuta, wanasikia nyimbo kupitia dirishani.

Askofu aliweka mikono. Halafu ikaja Meza ya Bwana, mara yetu ya kwanza. Tulikuwa tumefundishwa jinsi ya kupokea mkate, mkono wa kulia juu ya wa kushoto, yote miwili imefunguliwa kama sahani. Nikapokea vizuri kabisa. Ulikuwa kipande chembamba, kikayeyuka chenyewe, hakikugusa waya. Nikafurahi. Miaka mingi mikono yangu haikuwahi kukosa kazi kanisani, na leo ilikuwa imepumzika.

Kikombe nilikisahau. Naapa, mimi ambaye sikunywa uji wa mama siku tatu kwa kulinda yale meno, nilisahau kwamba divai nayo ni maji.

Mchungaji wetu ndiye aliyekuwa na kikombe. Alifika kwangu, akasema maneno, nikasema amina, nikanywa. Lori lilikuwa limetikisa ule waya njia nzima, na ulimi wangu ulikuwa umeuchezea siku tatu. Nikasikia kitu kinaniacha. Kikombe kilikuwa cha fedha, na mfupa ukianguka kwenye fedha unalia kama kengele ndogo. Waliopiga magoti wote waligeuka.

Niliangalia ndani. Meno sita, safu moja, yamelala chini ya divai, yananichekea. Si ndiyo kazi yake.

Mchungaji naye akaangalia ndani ya kikombe. Akaniangalia mimi. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kaa." Lakini mimi nilikuwa nimekwisha simama, mikono yote miwili mdomoni, nikakimbia katikati ya kanisa na nguo yangu nyeupe, nikapita mlangoni, nikampita mama.

*

Mpaka saa sita soko zima la Busia lilijua, pande zote mbili za mpaka. Walisema ng'ombe wa Wasamia ameshiriki Meza ya Bwana. Nakubali ulikuwa utani mzuri. Kilichoniuma ni kwamba ulikuwa mzuri kuliko ningeweza kuutunga mimi, na sikuwa na mdomo wa kujibu.

Nilikaa ndani ya nyumba. Sikutoka kwenda kisimani, sikusema, sikuomba. Ningeomba nini? Nilikuwa nimeomba meno, nikapewa, halafu aliyenipa akayachukua mbele ya askofu. Nilimwona Mungu kama wale vijana wa saruji, anangoja mpaka kibanda kijae ndipo akuulize treni inapita wapi. Mama aliweka uji mlangoni asubuhi na jioni, akautoa ukiwa na ngozi juu.

Siku ya tano nilisema. Nilimwambia neno ambalo nilikuwa nimelitunza tangu nyuma ya zizi.

"Wewe ndiye ulinishika kichwa."

Mama alikuwa ameinama anachukua kibuyu. Akakaa chini pale pale, mlangoni, amenipa mgongo.

Kabla yangu alikuwepo mvulana. Hilo nililijua, kwamba alikuwepo na akafa, lakini watu hawasemi zaidi. Mama akaniambia zaidi. Alikuwa wa miaka sita hivi, hajafika umri wa kung'olewa. Alikanyaga kisiki cha pamba shambani, kidonda kidogo tu, kikapona. Halafu pepopunda ikamshika. Taya zikafunga. Meno yake yalikuwa yote, juu na chini, mazuri, yameshikana kama milango miwili ya chuma. Mama akapika uji mwepesi kama maji, akaujaribu kwa kijiko, kwa jani, kwa kidole. Ulikosa pa kupita. Ulimwagika shavuni, ukaenda shingoni, na mtoto anamwangalia, ana njaa, anajua. Mama mkwe wake akasema angekuwa amefika umri, angekuwa na pengo, uji ungepita.

"Nilibisha hodi kwa mlango wake siku nne," mama alisema. "Basi wewe nikasema, wewe sitakukuta umefungwa."

Hakugeuka. Mkono wake ulikuwa mdomoni, na hakuwa anacheka.

Nikavuta kile kibuyu nikanywa uji. Ulikuwa wa baridi, na ngozi juu. Nikanywa wote. Ulipita vizuri.

Kesho yake mchungaji alikuja. Nilimsikia anapiga hodi, mama akamtolea kigoda nje, mimi nikabaki ndani nyuma ya ukuta. Alikuwa ameleta meno yangu kwa kitambaa cheupe. Akaeleza, kama mtu anayetoa ripoti, kwamba kilichobarikiwa hakimwagwi, ndiyo sheria, kwa hiyo ilibidi amalize kikombe mwenyewe, pole pole, na meno yakabaki chini.

Nilikuwa nimeapa sitasema na mtu wa kanisa. Lakini ulimi wangu hauapi. Nikauliza kutoka ndani kama maana yake ni kwamba meno yameshiriki vizuri kuliko mimi.

Kigoda kikalia. Halafu nikasikia mchungaji anacheka. Nikachungulia. Alikuwa amerudisha kichwa nyuma, na yale masharubu yake yamepanda juu kama pazia, na chini yake hapakuwa na kitu. Meno sita hayapo. Nilimjua mtu huyu tangu kuzaliwa, ndiye aliyenibatiza, na sikuwahi kuona ndani ya mdomo wake.

Aliona nimeona. Akashika masharubu kwa vidole viwili.

"Haya ni mkono wangu," akasema. "Na mimi nilishikwa kichwa."

Halafu, mbele ya mama, alisema habari ya ile siku shuleni. Hakuizunguka. Alisema alikuwa na neno moja tu la kusema siku ile, na akaogopa kwamba akilisema mwalimu atamtazama mdomoni. Akaangalia kofia. Aliniomba msamaha mimi, kisha akamgeukia mama akamwomba na yeye, kwa kumwacha akae nje ya ukuta miaka yote ile. Mama hakujua aweke wapi macho. Hajawahi kuombwa msamaha na mtu mwenye kola.

Mimi nilitoka nikakaa mlangoni. Nikamuuliza jambo ambalo lilikuwa linanisumbua kweli, wala sikutania: siku ya kufufuliwa, nitapewa meno yangu?

Alifikiri sana. Nilipenda kwamba alifikiri. Akasema hajui. Akasema tumesimuliwa mwili mmoja tu uliotoka kaburini ambao hautakufa tena, na ule ulitoka na matundu yake, mikononi na ubavuni. Rafiki zake wenyewe walikuwa na wasiwasi mpaka walipoonyeshwa matundu.

"Nguvu ya kuziba alikuwa nayo," akasema. "Hakuziba."

Akachukua kofia yake akaenda. Sitaki kudanganya mtu kwamba nilipona pale. Nilikasirika. Nilikuwa nimeomba meno miezi na miezi, na jibu kumbe ni kwamba hata Bwana mwenyewe ana matundu? Nilizunguka na hilo neno siku nyingi, nikalitafuna na magego, maana mbele hakuna. Lakini asubuhi moja ulimi ulikwenda pale kama kawaida yake, na nikagundua haukwenda kukagua mtego. Ulikwenda tu, kama mtu anayepita kwa ndugu kumjulia hali.

Mwezi uliofuata ilikuwa Meza tena. Nilikwenda. Nilivaa ile nguo nyeupe, mdomo wangu mwenyewe, na nilipopiga magoti mtu nyuma yangu alilia kama ng'ombe, mmoo, pole pole, ili wenzake tu wasikie. Nikataka kucheka. Mkono wa kulia ukaanza kupanda. Lakini mchungaji alikuwa amekwisha fika na mkate, na mkate unapokewa kwa mikono miwili, wa kulia juu ya wa kushoto, imefunguliwa kama sahani. Sina mkono wa tatu. Ikabidi mkono ushuke. Ulishuka unatetemeka kama magoti ya mama siku ile, na mimi nikabaki pale na mdomo wazi, uso juu, mikono imejaa, kila aliyetaka kuona akaona.

Kikombe kikaja. Mchungaji alikuwa amekata masharubu. Divai ilipita kwenye pengo, ya baridi, bila kugonga kitu.

*

Nilipomrudishia fundi wa vitana meno yake aliuliza kama nimekula nayo. Nikamwambia yamekunywa divai. Alisema astaghfirullah, akayafuta kwenye kanzu mara tatu, halafu akacheka mpaka akashika meza. Alisema alinikataza hata maji. Akayachonga upya kuwa kitana kidogo, ninacho mpaka sasa.

Mkono wangu bado unapanda, siku nyingine. Sokoni unapanda, mbele ya wazungu unapanda. Siupigi, nauacha ushuke wenyewe. Siku hizi unachoka haraka.

Wa mama ndio unaoniuma. Mama anaingia kanisani sasa, anakaa kwenye mkeka karibu na mlango, anajifunza kubatizwa. Nilimwambia mimi ndiye niliyekosa, nilimwambia mara nyingi. Anasema hakuna neno. Lakini ule mkono nilimletea mimi kutoka Tororo, kama mtu anayeleta ugonjwa kwa lori la pamba, na haukurudi nami. Mtu akisema jambo la kuchekesha, anafunika. Yule mama ambaye sauti yake ilifika kisimani, sasa anacheka kwenye kiganja.

Kwa hiyo nimejifunza kungoja. Nikienda nyumbani sisemi utani wakati wa kula, wala jioni wageni wakiwepo. Nangoja mpaka apige magoti kwenye jiwe kusaga mtama, kwa sababu jiwe la kusagia linataka mikono miwili, ukiachia mmoja unga unamwagika. Akishashika mwendo, nakaa mbele yake, namwambia habari za yule ng'ombe wa Wasamia aliyeshiriki mbele ya askofu.

Mwezi uliopita nilimpata. Kichwa kilirudi nyuma kidogo, mdomo ukafunguka, nikaona ulimi unacheza mle ndani. Halafu akakumbuka. Mkono ukaacha jiwe, mweupe wa unga, ukafika hapa kifuani. Mtama ulikuwa unaanza kuteleza kutoka kwenye jiwe. Mama akautazama mtama, akautazama mkono, akaurudisha kwenye kazi.